Mboga, Tui na Mwiko: Kiswahili Mdomoni mwa Asiyekula Vitokanavyo na Wanyama

Ikisiri

Makala haya yanachunguza msamiati ambao msemaji wa Kiswahili nchini Kenya huutumia anapotafuta mlo usio na nyama, samaki, mayai, maziwa, samli wala asali ya nyuki. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba tatizo la mlaji wa aina hii si uhaba wa chakula, kwa kuwa sufuria nyingi za Kenya zimejaa mimea. Wala si ukosefu wa jina la kumwita. Tatizo ni kwamba maneno yanayotegemewa hotelini, hasa nyama, mboga na mafuta, yana mipaka tofauti na ile anayoidhania msemaji. Mifano imejengwa juu ya mazungumzo ya kawaida ya hotelini, sokoni na nyumbani.

Utangulizi

Waingereza wamekuwa na chama cha watu wasiokula nyama tangu mwaka wa 1847. Wanachama wake waliiacha nyama, lakini wengi wao waliendelea kunywa maziwa na kula mayai. Mnamo Novemba 1944, Donald Watson pamoja na wenzake wachache, walioona kwamba maziwa na mayai nayo yafaa kuachwa, waliunda chama chao na kutafuta jina jipya. Walichukua herufi za mwanzo na za mwisho za neno vegetarian, wakaitupa sehemu ya katikati, likabaki vegan. Tangu hapo Kiingereza kina maneno mawili kwa makundi mawili ya walaji.

Kiswahili hakijauweka mpaka huo ndani ya neno moja. Mwanafunzi wa isimu akutanapo na pengo kama hili, mkono humwasha: hutaka kuunda istilahi papo hapo. Kazi ya kuunda istilahi ina heshima yake, na suala hilo litarudiwa hapa chini. Hata hivyo, mtu aliyeamua kuacha vyote vitokanavyo na wanyama, iwe ni kwa imani, kwa afya, kwa kuwahurumia wanyama wenyewe au kwa sababu ya mzio wa maziwa, ana haja ya haraka zaidi kuliko jina. Saa saba mchana amesimama mbele ya sufuria tano zilizofunikwa. Ana shilingi chache mfukoni na nusu saa kabla ya mhadhara. Anahitaji kuuliza swali litakalopata jibu la kweli.

Nyama isiyokuwa nyama

Neno nyama linatoka shina moja na mnyama, na kwa mantiki hiyo ingetarajiwa kwamba kila mwili wa mnyama ulioingia chunguni uitwe nyama. Kamusi hazina shida na ufafanuzi huo. Hotelini mambo ni mengine kabisa. Orodha ya vyakula iliyoandikwa kwa chaki ukutani hutaja nyama, kuku na samaki kama vitu vitatu mbalimbali. Nyama hapo ni ya ng'ombe, na mara nyingine ya mbuzi. Kwa hiyo anayesema "Sili nyama" amemwambia mhudumu jambo dogo sana, naye mhudumu mwema atamjibu kwa furaha, "Basi kuna kuku." Akikataa kuku ataletewa samaki, na akikataa samaki ataulizwa kama ni mgonjwa.

Kosa si la mhudumu. Mhudumu ametumia neno kwa maana yake ya mahali pale, maana finyu, ilhali mteja amelitumia kwa maana pana. Wanasemantiki wana maelezo ya kutosha kuhusu neno moja kuwa jina la kundi zima na pia la memba mmoja wa kundi hilo. Kinachopaswa kuzingatiwa ni gharama ya tofauti hiyo. Kwa mteja anayependa kubadilisha mlo tu, gharama ni ndogo. Kwa aliyeweka ahadi mbele ya Mungu wake au mbele ya dhamiri yake, si ndogo hata kidogo. Kuna pia samaki wadogo wasiohesabiwa hata kuwa kitoweo cha haja: omena, au dagaa, wanaoweza kuwekwa kwenye mboga ili kuipa ladha, na mpishi asione kwamba ameongeza jambo la kutajwa.

Neno jingine la kujihadhari nalo ni karanga. Mlaji wa mimea aonapo "karanga" ukutani huweza kudhani amefika nyumbani, kwani karanga ni chanzo kizuri cha protini. Lakini "mbuzi karanga" na "kuku karanga" havina uhusiano na punje zile. Hapo pana kitenzi kukaranga, ndugu wa kukaanga, na anachotangaziwa mteja ni nyama iliyokaangwa ikaungwa kwa vitunguu na nyanya.

Mboga, kitoweo na kijineno "tu"

Katika Kiswahili cha Kenya bara, mboga ni majani kwanza: sukuma wiki, kabeji, mchicha, kunde, mnavu ambao wengi huuita managu, na mgagani ujulikanao sokoni kama saga. Mama mboga huuza zaidi ya hayo, yaani nyanya, vitunguu, parachichi na viazi, lakini hauzi nyama. Ukivuka mpaka kuingia Tanzania, neno hilo hilo hupanuka. Mtu akiuliza "Mboga ni nini leo?" anaweza kujibiwa "Nyama" au "Dagaa", na hakuna atakayecheka, kwa sababu mboga pale ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali au wali. Ndiyo maana Mtanzania anayetaka majani husema "mboga za majani", na nyongeza hiyo si pambo. Mwanafunzi Mkenya asiyekula nyama, aliyekwenda Dar es Salaam akaomba "ugali na mboga", hana haki ya kulalamika akiletewa mchuzi wa ng'ombe.

Maana hiyo pana ya Tanzania inakaribiana na ya neno kitoweo, ambalo linatokana na kitenzi kutowea, yaani kula chakula kikuu pamoja na kitu cha kukilainisha na kukipa ladha. Kwa asili yake kitoweo hakibagui: maharagwe ni kitoweo, kunde ni kitoweo, papa mkavu ni kitoweo. Ila matumizi yamekipandisha cheo. Katika kaya nyingi husikika kauli kama "Leo hakuna kitoweo, tutakula mboga tu." Sentensi hii inastahili kutazamwa kwa makini. Kitoweo kimekwisha kuwa nyama au samaki, na mboga imefungiwa mkiani kijineno "tu". Kijineno hicho huandamana na vyakula vya mimea popote viendapo: maharagwe tu, ndengu tu, viazi tu. Ni nadra mno mtu kusema "tulikula mbuzi tu", isipokuwa anajigamba.

Jina la sukuma wiki linaieleza hali hiyo kwa uwazi kuliko maelezo ya mchumi yeyote. Jina lenyewe ni kitenzi na yambwa yake, sentensi ya kuamuru. Wiki husukumwa kwa majani mpaka pesa zipatikane. Mboga hiyo imepewa jina la chumba cha kungojea, na kinachongojewa ni nyama. Anayechagua kula sukuma wiki siku zote za mwaka, wakati ana uwezo wa kununua nyama, anakwenda kinyume cha sarufi ya jina hilo. Jamaa zake watadhani amefilisika. Kwa hivyo anapojieleza hana budi kupambana na "tu" kabla ya kupambana na chakula, na pengine hili ndilo lililo gumu zaidi katika mabadiliko yote anayoyafanya.

Kilichomo chunguni

Mathalan, mazungumzo ya aina hii husikika kwenye vibanda vilivyo karibu na vyuo vya Nairobi:

"Mama, kuna chakula bila nyama?"
"Iko, kijana wangu. Kuna maharagwe, ndengu na kabeji."
"Hiyo ndengu haijawekwa nyama?"
"Hapana. Nimeweka kasupu kidogo tu iwe tamu."

Mama huyo hakusema uongo. Aliulizwa kuhusu nyama, akajibu kuhusu nyama. Supu, katika Kiswahili cha kila siku cha Kenya, ni maji yaliyochemshiwa nyama au mifupa, na kwa mpishi supu ni kiungo, sawa na chumvi au dania. Kiambishi "ka-" kimekipunguza kiasi, na "tu" imekipunguza zaidi, hadi kikawa hakihesabiki. Inafuata kwamba swali la "kuna nyama?" ni swali baya. Swali zuri huanza na kitenzi: "Ndengu hii umeiunga kwa nini?" Kuunga mchuzi ni kitenzi cha jikoni ambacho kila mpishi anakielewa, na jibu lake hutaja vitu kimoja kimoja: vitunguu, nyanya, mafuta, supu. Swali la ndiyo au la humpa mpishi nafasi ya kumfurahisha mteja. Swali la "kwa nini" humrudisha kwenye kumbukumbu ya mikono yake. (Msomaji wa bara aangalie kiimbo, maana "umeiunga kwa nini?" huweza kusikika kama lawama. "Umeiunga na nini?" ni salama zaidi.)

Si kwamba swali la namna hiyo ni geni. Waislamu nchini Kenya wamekuwa wakiuliza katika hoteli wasizozijua kama nyama ni halali na nani aliyechinja, na hakuna mwenye hoteli anayeona kwamba anatukanwa. Desturi ya kuhoji kilichomo chunguni ipo tayari, pamoja na adabu zake. Mlaji wa mimea anajiunga na foleni iliyokwisha kupangwa.

Neno mafuta nalo lina utata. Mafuta ya kupikia yanayouzwa madukani Kenya, ya maji na ya mgando, kwa kawaida hutokana na mimea, hasa michikichi. Kinachohitaji kuulizwa kwa jina lake ni samli na siagi, kwa kuwa chapati, pilau na wali huweza kupata kijiko cha samli kwa ajili ya harufu. Maziwa ndiyo mtego mkubwa katika mboga za kienyeji. Magharibi mwa Kenya na sehemu nyingi za Bonde la Ufa, saga na mnavu hupikwa kwa maziwa au malai ili kupunguza uchungu, na mpishi hodari angeona haya kuziandaa vingine. Hapo mteja akiambiwa "ni mboga tupu" aelewe kwamba maziwa yamekwisha kuyeyuka ndani ya neno "tupu".

Majina ya nafaka jamii ya kunde hayana hatari, ila yana vurugu yake. Punje za kijani ambazo Mnairobi huziita ndengu, vitabu vya Kiswahili sanifu huziita choroko au pojo. Kamande za sokoni Nairobi ndizo adesi za pwani. Mwanafunzi aliyefunzwa "choroko" darasani akiliomba kibandani hupata tabasamu tu, na Sheng humchanganya zaidi kwa "madondo", ambayo ni maharagwe.

Katika hoteli za Wahindi, swali hubadilika sura. Wajaini, ambao wengi wao nchini Kenya wanatoka katika jumuiya ya Oshwal, hawali nyama, samaki wala mayai, na wenye kushika sana dini huacha hata vitunguu na viazi kwa sababu vinang'olewa ardhini. Lakini maziwa, mtindi na samli wanavitumia. Kwa hiyo "chakula cha Kijaini" kinakidhi masharti ya Mjaini na kumwacha mlaji wa mimea pekee na samli kwenye chapati. Hoteli za Kihabeshi jijini Nairobi, kinyume chake, zina neno linalobeba mpaka wote. Wakristo wa Othodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, pamoja na siku 55 za mfungo mkuu kabla ya Pasaka, na katika siku hizo huacha nyama, maziwa, siagi na mayai. Mteja anayeomba "chakula cha mfungo" huletewa injera yenye shiro, kamande na majani, bila maelezo zaidi. Siku zisizo za mfungo, kamande hizo hizo zinaweza kupikwa kwa siagi yenye viungo. Kwa hiyo ni neno mfungo linalomlinda, wala si jina la chakula. Ni bahati mbaya kwamba mfungo wa Kiswahili hauwezi kuazimwa kwa kazi hiyo. Mfungo wa Ramadhani ni wa saa, si wa aina ya chakula, na Kwaresima ya Wakatoliki huikataza nyama siku maalumu tu.

Tui si maziwa

Pwani ndiko Kiswahili kinakomkarimu zaidi mlaji wa mimea. Maharagwe ya nazi, mbaazi za nazi, mchicha wa nazi, muhogo wa nazi, wali wa nazi: orodha ni ndefu na haina "tu". Mbaazi na mahamri ni kiamshakinywa cha matajiri na maskini vilevile. Ziada ya hapo kuna bajia za kunde, kachori, na viazi karai vilivyochovywa katika rojo la unga vikakaangwa, vyote vikiliwa kwa ukwaju. Maneno bajia, kachori, achari na kachumbari yalikuja na Wahindi, na vyakula vyenyewe viliingia jikoni mwa Mswahili vikakaa kama wenyeji. Kifaa kinachoikuna nazi nacho kinaitwa mbuzi, na huyu ndiye mbuzi pekee anayeruhusiwa katika jiko linalozungumziwa hapa.

Jambo la kiisimu lililo muhimu ni kwamba Kiswahili hakiiti maji meupe ya nazi "maziwa". Kinayaita tui. Kiingereza kinatumia neno moja kwa yote mawili, na mkanganyiko wake ulifika mahakamani: tarehe 14 Juni 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba bidhaa za mimea kama soya zisiuzwe kwa majina ya "maziwa", "siagi" au "jibini", isipokuwa zile chache zilizoorodheshwa tangu awali, miongoni mwazo tui la nazi kwa jina lake la Kiingereza. Mswahili angeweza kuwaepusha mawakili wale na gharama. Maziwa hutoka kiweleni au kifuani. Tui hukamuliwa kutoka kwenye mbegu au tunda. Hii leo maduka ya Kenya yanauza "maziwa ya soya", tafsiri ya moja kwa moja ya Kiingereza, wakati "tui la soya", "tui la karanga" au "tui la lozi" lingeeleweka, lingekuwa fupi zaidi, na lingemwondolea hofu mtu mwenye mzio. Walimu wa tafsiri wana mfano mzuri hapa wa kuwaonyesha wanafunzi wao.

Asali inafanana na hali hii. Wazee wa pwani husema "asali ya nyuki" kwa sababu wanaijua pia asali ya miwa. Kivumishi hicho ambacho vijana wamekitupa ndicho anachokihitaji asiyekula asali ya nyuki.

Hata hivyo, tui lisiaminiwe kwa macho. Mahamri mengi hukandwa kwa tui, na mengine hukandwa kwa maziwa, yai au samli, na yote hufanana. Adabu ya Mombasa hulifanya swali kuwa jepesi:

"Shikamoo, mama."
"Marahaba, mwanangu. Karibu."
"Mahamri haya umeyakanda kwa tui au kwa maziwa?"
"Kwa tui. Maziwa ya nini?"

Mkebe

Anayebeba chakula kutoka nyumbani hana haja ya kumhoji mtu. Tatizo lake ni joto na heshima. Tui huchacha haraka. Maharagwe ya nazi yaliyopikwa alfajiri Mombasa yanaweza kuwa yamegeuka ladha kufikia saa nane. Kwa mkebe, muthokoi wa Wakamba, yaani mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na kunde, maharagwe au mbaazi, ni chakula cha kuaminika zaidi. Githeri vilevile. Viazi vitamu au nduma zilizochemshwa, pamoja na konzi ya njugu, hazihitaji hata kijiko. Chapati na ndengu huhitaji mikebe miwili, au ndengu iliyopikwa ikakaukiana. Mahindi na maharagwe hukamilishana kwa protini, na ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga za majani huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma. Vitamini B12 haipatikani kwa uhakika katika mimea, na hakuna mapishi yatakayolibadilisha hilo. Asiyekula chochote cha mnyama ainunue kama kidonge, au atafute vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.

Heshima ni suala gumu kuliko joto. Chakula cha mkebe huwa mara nyingi ni kiporo cha jana, na kiporo ni neno lisilo na fahari. Githeri hubeba kumbukumbu za shule za bweni. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi mkuu, mpiga kura mmoja alipigwa picha akiwa foleni huku akila githeri kutoka mfuko wa plastiki. Nchi nzima ilicheka, kisha ikampenda, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa ametunukiwa nishani ya serikali. (Mfuko wenyewe haukubahatika: siku 20 baada ya picha ile, mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Kenya.) Lililowachekesha watu halikuwa kwamba mtu alikula. Wakenya kwa mamilioni hula githeri. Waliona chakula cha faragha kikiliwa hadharani bila haya, na mwenye kula akionekana kutosheka kabisa. Wanafunzi wengi bado hufungua mkebe kwa kuuinamia.

Mlamboga, mlamimea au vegani?

Sasa suala la jina. Mlamboga limekwisha kuenea kwa maana ya mtu asiyekula nyama, nalo linabeba utata wote wa neno mboga uliojadiliwa. Mlamajani humfanya mtu kuwa ng'ombe, na utani wa "mimi si mbuzi nile majani" tayari upo midomoni mwa watu. Mlamimea ni sahihi zaidi kimantiki, ila linakumbusha kitabu cha biolojia, ambapo viumbe hupangwa kwa jinsi walivyoumbwa na si kwa walichochagua. Isitoshe, miundo ya "mla-" katika Kiswahili imezoea kubeba lawama: mla rushwa, mla riba, mla watu. Atakayejiita mlamimea ataanza kwa kujitetea.

Vegani, neno la mkopo lenye irabu ya mwisho kama desturi inavyotaka, lina faida ya usahihi na linafaa maandishini. Kibandani halifai. Mhudumu hulisikia kama jina la kampuni. Zaidi ya hayo, yote manne ni majina ya mtu, na mpishi hapiki mtu. Kinachomfaa mpishi ni kujua kisichoingia chunguni.

Mwiko mbele ya kuku

Hotelini mteja analipa na anaweza kuondoka. Nyumbani kwa mwenyeji hana uhuru huo. Mgeni njoo mwenyeji apone, wahenga walisema, na katika jamii nyingi za Kenya mwenyeji hupona kwa kuchinja. Kuku akimbizwaye na watoto uani saa nne asubuhi ni heshima inayotembea. Kumkataa akiwa amekwisha kuwa mchuzi ni kumkataa aliyemlisha. Wasiokula nyama wengi huvunjia ahadi yao hapa, mbele ya nyanya aliyejinyima mayai ya mwezi mzima kwa ajili ya mjukuu wa chuo kikuu. Wengine hudanganya kwamba wanaumwa tumbo.

Kiswahili kina neno kwa hali hii, na ni ajabu kwamba wanaojadili istilahi za ulaji hawalitaji. Neno hilo ni mwiko. Jikoni, mwiko ni kijiko cha kusongea ugali. Nje ya jiko, ni lile lisiloruhusiwa. Kushika mwiko ni kujizuia kula kitu fulani kwa sharti, na sharti hilo linaweza kuwa la ukoo, la dini, au la mganga aliyemkataza mgonjwa vyakula kadhaa hadi apone. Kwa hivyo mwiko unaweza kurithiwa, lakini pia unaweza kupewa mtu mmoja kwa sababu zake. Aliyeshika mwiko haombwi maelezo marefu, wala chakula hakidharauliwi: kasoro haiko kwa kuku.

Je, ni haki kijana aliyeacha nyama kwa hiari yake alitumie neno lenye uzito wa ukoo na uganga? Hoja ya kupinga ina nguvu. Miiko mingi ya vyakula ilitumika kuwanyima wanyonge. Katika jamii kadhaa za magharibi mwa Kenya wanawake walikatazwa kuku na mayai, na walionufaika ni wanaume. Kulirudisha neno hilo mezani si jambo la kufanywa kwa wepesi. Lakini mwiko wa kujitwika mwenyewe haumnyimi mtu mwingine mnofu, na ndiyo tofauti kubwa. Kwa anayeona neno hilo ni zito mno, nadhiri lipo, nalo linaeleweka kwa Mkristo na kwa Mwislamu. "Nyanya, nakushukuru kwa kuku, lakini nimeshika mwiko. Naomba kunde" ni sentensi inayoweza kusemwa bila kumwinamisha mtu kichwa.

Inabaki kusemwa kwa wakati wake. Jibu la nyanya kwa kawaida ni la upole: "Haya, mjukuu wangu. Nitakupikia kunde, na nitazitia maziwa ya yule ng'ombe aliyezaa juzi." Basi aliyeshika mwiko huutaja wote kwa pumzi moja, nyama, samaki, mayai, maziwa na samli, na huutaja siku anapotoa habari za safari, kabla kuku hajakimbizwa na kabla chungu hakijatelekwa.